Koko Tamar Hajafa

Kila Jumamosi, baada ya kufua nguo na kupanga vyombo, Abigaïl alichukua mfuko wake wa vitambaa na kwenda kwa Mama Virginie, mtaani Furu, mjini Butembo. Mama Virginie alikuwa mshonaji. Siku nyingine zote alishona sare za shule na magauni ya wateja, lakini Jumamosi mchana aliifunika mashine yake na kuwapokea wasichana sita barazani. Hapo walishona kwa mkono tu. Walikata vipande vya vitenge vya zamani, wakaviunganisha kimoja kimoja hadi vikawa kitu kipya.

Walianza na vishikio vya sufuria, kwa sababu kishikio ni kidogo na kosa lake halionekani sana. Kisha walishona foronya, halafu mifuko ya kubebea Biblia. Siku ya Noeli, kazi zao zilitandazwa juu ya meza nje ya kanisa, na watu waliotoka kwenye ibada walizishika na kuuliza, “Hii alishona nani?” Abigaïl, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, aliisikia sana furaha ya swali hilo. Mishono yake ilikuwa midogo na sawasawa kuliko ya wenzake wote.

Hata hivyo, hakwenda pale kwa ajili ya sifa tu. Alipenda mazungumzo. Alipenda vile Mélanie, rafiki yake wa darasa moja, alivyoweza kusimulia jambo dogo la shuleni hadi wote wakaacha sindano kwa kucheka. Alipenda mvua ya mchana ilipopiga mabati, nao wakasogea karibu karibu ili vitambaa visilowe.

Jumamosi moja Mama Virginie aliwaletea habari.

“Bamama ba kanisa ya Beni watafanya maonyesho ya kazi ya mikono,” alisema. “Wametualika. Kila mmoja wenu atashona kipande kimoja, kipimo ni hiki.” Aliwaonyesha mraba alioukata kwenye katoni ya sabuni. “Lakini sitaki kitambaa kipya cha dukani. Leteni kitambaa kilichovaliwa ama kilichotumika kwenu nyumbani. Halafu kila mutu ataandika kwenye karatasi kilitoka wapi. Tukirudi, tutaunga vipande vyote viwe bulangeti moja.”

Juma lililofuata kila msichana alikuja na kitambaa chake. Mélanie alileta kipande cha shati ambalo baba yake alivaa siku ya kupokea diploma. Wengine walileta vitenge vya shangazi na vya mama zao, na kila mmoja alieleza kidogo, wakacheka na kuulizana maswali.

Zamu ya Agar ikafika. Agar alikuwa amejiunga nao miezi mitatu tu iliyopita. Familia yake ilikimbia kutoka kijiji kimoja upande wa Manguredjipa, na walipofika Butembo mama yake akaugua. Hakupona. Sasa Agar aliishi na baba yake na wadogo zake wawili katika chumba walichopewa na ndugu. Alikuwa msichana wa maneno machache. Alifungua mfuko wa plastiki akatoa kitambaa cha buluu chenye ndege wa njano.

“Ni ya mama,” alisema. “Aliivaa siku tulikimbia. Njo hii tu ilibakia.”

Mama Virginie aliweka mkono juu ya kichwa cha Agar na kuuacha hapo kwa muda. Mélanie alijifuta macho kwa kiganja. Kisha, kwa kuwa lazima kazi iendelee, Mama Virginie akageuka.

“Na wewe, Abigaïl?”

Abigaïl alikuwa ameshika kipande cha pazia la jikoni. Lilikuwa la kahawia, lenye mistari myeupe. Mama yake alimkatia kipande hicho asubuhi ile, bila hadithi yoyote. Abigaïl aliwatazama wenzake. Nyuso zao bado zilikuwa na ule upole waliompa Agar. Hakuwa amepanga kusema alichosema.

“Hii ilikuwa ya koko yangu,” alisema. “Alikufa.”

“Koko gani?” Mélanie aliuliza kwa sauti ndogo.

“Koko Tamar. Wa Musienene.”

“Pole sana! Mais juu ya nini hukutuambia?”

“Sikutaka kusema.”

Mama Virginie akamwekea na yeye mkono kichwani.

Wakati ule Koko Tamar, mama mzazi wa mama yake, alikuwa hai na mwenye nguvu zake. Siku nane tu kabla ya hapo alikuwa amewatumia kikapu cha viazi kutoka Musienene, na ujumbe kwamba maharagwe yake yanaendelea vizuri.

Walipomaliza kushona, Agar alimngojea Abigaïl penye lango. Alikuwa ameshika sehemu iliyobaki ya kitambaa cha ndege, na makasi aliyoyaazima kwa Mama Virginie.

“Nilitaka kuiweka hii,” Agar alisema. “Mais nitakupa nusu.”

“Hapana, Agar. Ni ya mama yako.”

“Chukua. Bale wengine hawajui. Sisi wawili tunajua.”

Akakata kitambaa katikati, polepole, akifuata uzi mmoja ili kisipinde. Hapo ndipo Abigaïl alipotakiwa kusema ukweli. Lango lilikuwa wazi, hakukuwa na mtu mwingine, na maneno yenyewe yalikuwa machache. Lakini alikipokea kitambaa, akasema asante, akaenda nyumbani.

Alijiambia kwamba atamweleza Jumamosi ijayo. Jumamosi ijayo Agar alikuja na kukaa kando yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na kwa mara ya kwanza akaanza kuzungumza. Alieleza jinsi mama yake alivyoimba akitwanga sombe, majani ya muhogo. Alieleza jinsi mikono yake ilivyokuwa ya moto siku za mwisho. Kisha akauliza, “Na wewe, unamulotaka koko yako usiku, katika ndoto?”

“Ndiyo,” Abigaïl alijibu.

“Anakuambia nini?”

Ikabidi atunge jibu. Kila jibu lilizaa swali, na kila swali lilitaka jibu jingine. Agar alipouliza, “Kikwembe ya mama umeitia wapi?” Abigaïl alilazimika kukitia mahali. Alikikata kiwe utepe, akakizungusha kama pindo pande zote nne za kipande chake cha pazia. Ilikuwa kazi nzuri. Kila mtu aliisifu. Lakini Abigaïl alianza kuzihesabu Jumamosi zilizobaki, na mara mbili alijichoma kidole kwa sababu hakuwa akiangalia sindano.

Mama Virginie alipokusanya karatasi, alidai kila moja iwe na jina la mwenye kitambaa. Abigaïl hakupata jina jingine la kuandika. Aliandika lile lile.

Siku ya maonyesho waliondoka alfajiri kwa gari la kanisa. Njiani walisimamishwa penye vizuizi. Askari walichungulia ndani, wakaona wasichana na vitambaa, wakawaruhusu kupita. Kadiri walivyokaribia Beni ndivyo joto lilivyozidi. Walipofika walivua sweta zao wote.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Akina mama wa Beni walitundika vitambaa vya meza, vikapu na nguo za watoto. Vipande sita vya wasichana wa Butembo vilibanwa kwenye kamba moja, na chini ya kila kipande karatasi yake. Watu walipita, walisoma, walirudi kusoma tena. Mke wa afisa mmoja, aliyehamia Beni kutoka Kinshasa, alisimama kwa muda mrefu mbele ya kazi ya Abigaïl. Alimshika bega.

“Courage, ma fille, jikaze,” alimwambia. “Nitaenda kuita barafiki zangu nao wasome.”

Abigaïl akamwambia Mélanie kwamba anakwenda kunywa maji.

Mlangoni alikutana na Mjomba Laurent, mdogo wa mama yake, ambaye alifanya biashara ya kakao pale Beni. Alikuwa anatabasamu.

“Mama yako alinipigia simu nije kuona kazi yako,” alisema. “Nimekuletea na mgeni.”

“Mgeni gani?”

“Koko yako! Iko kwangu tangu wiki mbili, alikuja kutusaidia na mtoto mchanga. Ameingia tayari, anatafuta kipande yako.”

Abigaïl aligeuka akakimbia ndani, akiwapita watu kwa mabega.

Alichelewa. Koko Tamar alikuwa amesimama mbele ya kamba, mwanamke mfupi mwenye kitambaa cha kijani kichwani. Hakuwa na miwani yake, kwa hiyo alimwomba msichana aliyekuwa karibu amsomee. Msichana huyo alikuwa Agar, naye alisoma kwa sauti safi, bila haraka, kama mtu anayesoma jambo analoliheshimu.

“‘Kitambaa hiki kilikuwa cha koko yangu, Tamar wa Musienene. Alilima maharagwe na alitupenda. Alikufa mwaka jana. Ninamkumbuka kila siku.’”

Koko Tamar alisogea karibu na karatasi.

“Rudia jina, mwana wangu.”

“Tamar wa Musienene.”

“Tamar wa Musienene njo mimi.”

“Labda ni mwingine, Koko,” Agar alisema kwa adabu. “Huyu alikuwa koko ya Abigaïl.”

“Abigaïl wa binti yangu Élise? Wa Furu?”

“Ndiyo, Koko.”

“Basi ni mimi.”

Wote wawili walimwona Abigaïl kwa wakati mmoja. Alikuwa amesimama hatua tatu nyuma yao, akihema.

“Abigaïl,” Koko alisema, “nilikufa siku gani?”

Agar alimtazama mzee, akamtazama Abigaïl, kisha akanyoosha mkono na kuugusa utepe wa buluu kuzunguka pazia. Aliufuata kwa kidole mpaka kwenye kona.

“Nilikuwa ninafikiri tuko wawili,” alisema. Akatoka nje.

Koko Tamar alikaa kwenye benchi. Hakupaza sauti. Alimvuta Abigaïl akae kando yake, akamwacha alie, kisha akamwambia aeleze kutoka mwanzo. Abigaïl alieleza kila kitu: pazia, upole wa nyuso, makasi penye lango, ndoto za kutunga.

“Kwetu,” Koko alisema, “wakisema fulani amekufa, watu wanaweka jembe chini. Wanaacha chakula motoni. Wanakuja. Wewe uliita watu waje kulia, na huku hakuna maiti. Na aliyekuja mbele ya wote ni yule ambaye maiti yake ilikuwa ya kweli.”

“Nisamehe, Koko.”

“Mimi ninakusamehe. Mimi iko na uzima wangu, sikupoteza kitu. Lakini niambie, kitambaa hiki ni nini kwa kweli?”

“Ni pazia ya jikoni. Haikuwa na habari yoyote.”

“Uliuliza?”

Abigaïl alitikisa kichwa. Hakuwa ameuliza.

“Mama yako alilishona ule mwaka mlijenga jiko. Kabla yake mlikuwa mnapika nje, na Butembo kunanyesha kila mchana. Mvua ilikuwa inazima moto, mnakula ugali haijaiva. Jiko lilipokwisha, pazia hili ndilo kitu cha kwanza alichoweka ndani. Pindo lilipinda, nikamcheka. Na angalia hapa, upande huu umepauka. Dirisha lenu linaangalia jua la asubuhi.”

Abigaïl alitazama. Kwa majuma sita alikuwa amekishona kitambaa hicho bila kuona kwamba upande mmoja umepauka.

Akaenda mwenyewe kumtafuta Mama Virginie na kumweleza. Mama Virginie alimsikiliza hadi mwisho. Uso wake ulibadilika, lakini alichofanya ni kuibandua karatasi ya zamani, kuikunja, na kumpa Abigaïl karatasi nyeupe na kalamu.

“Andika ya kweli,” alisema. “Kisha usimame hapa mpaka watu watakwisha. Mutu akiuliza, utamujibu.”

Abigaïl aliandika: *Hiki ni kipande cha pazia la jikoni kwetu. Mama alilishona mwaka tulipojenga jiko. Upande mmoja umepauka kwa jua la asubuhi. Pindo la buluu si langu.*

Haikupita muda, mke wa afisa akarudi na rafiki zake wawili.

“Iko wapi ile karatasi ya koko?” aliuliza.

Abigaïl alinyoosha mkono kuelekea benchi. “Ilikuwa uongo, mama. Koko yangu ni huyu.”

Mwanamke yule aligeuka kumtazama Koko Tamar kwenye benchi.

“Bado niko,” Koko alisema.

Mke wa afisa hakumkaripia Abigaïl. Alisoma ile karatasi mpya, akatazama tena uso wa msichana, akasogea kwenye kipande kilichofuata. Abigaïl angependelea karipio. Watu wengine wanne waliuliza kuhusu pindo la buluu siku hiyo, naye aliwajibu wote wanne.

Safari ya kurudi, Agar alikaa mbele karibu na Mama Virginie. Hakugeuka nyuma hata mara moja. Jumamosi iliyofuata hakuja kushona, wala ile iliyofuata.

Nyumbani, Abigaïl alimweleza mama yake, kisha akachukua sindano na kuanza kufumua pindo. Mishono yake ilikuwa midogo na mingi, na ile sifa aliyoipenda sasa ikamchelewesha. Ilimchukua alasiri tatu. Hakutaka kutumia wembe, asije akakata kitambaa. Alipomaliza alikifua, akakianika kivulini, akakipiga pasi. Ndege wa njano walinyooka tena, lakini matundu ya sindano yalibaki, mstari baada ya mstari.

“Twende wote?” alimwuliza mama yake.

“Hapana,” mama alijibu. “Uende mwenyewe.”

Alimkuta Agar nje ya chumba chao, akiosha sahani. Mdogo wake alikuwa amelala mgongoni kwake. Abigaïl alimpa kitambaa kikiwa kimekunjwa. Agar alipangusa mikono, akakikunjua, akakiinua kwenye mwanga.

“Iko na matundu.”

“Ndiyo. Nilipiga pasi, hayakutoka.”

“Hayatatoka.”

“Nilisema uongo,” Abigaïl alisema. “Nilitaka waniangalie vile walikuangalia wewe.”

Agar alikunja kitambaa tena, mara mbili, mara nne.

“Mi ningependa waniangalie vile wanakuangalia wewe,” alisema. “Ukitoka kushona unarudi nyumbani, mama yako iko.”

Safari hii Abigaïl hakujaribu kutunga jibu. Alisimama hadi mtoto akaamka na kuanza kulia.

“Jumamosi tunaunga bulangeti,” alisema mwishowe. “Kama hautaki kuniona, mimi nitabaki nyumbani. Mais wewe usikose.”

“Nitaona,” Agar alisema.

Jumamosi Abigaïl alifika mapema, akakaa mwisho wa baraza. Vipande vilikuwa tayari kwenye mkeka: vitano vya wasichana na vitatu vya Mama Virginie mwenyewe; cha Agar tu kilikosekana ili vitimie tisa. Walikuwa wameanza kuvipanga wakati lango lilipolia. Agar aliingia na mfuko wake wa plastiki. Alisalimia wote kwa mara moja, akapiga magoti kando ya mkeka, akaweka kipande chake katikati. Kilikuwa na pindo la buluu sasa, lenye matundu madogo pande zote nne.

Mélanie alichukua kipande cha pazia. “Hiki tukiweke wapi?” aliuliza, akakishusha kando ya cha Agar.

“Karibu yangu hapana,” Agar alisema. “Bado.”

Agar alitazama mkeka, kisha akakichukua kipande cha pazia yeye mwenyewe, akakiweka kwenye pembe, mahali ambapo kiligusana na chake kwenye kona tu.

“Hapa,” alisema.

Mama Virginie aliweka makasi chini.

“Sikilizeni, batoto,” alisema. “Mutu akikuhurumia, amekupa kitu alichotoa moyoni mwake, na pengine hakikuwa kingi. Ukimdanganya ili akupe, umemwibia, hata kama mikono yako haikugusa kitu. Abigaïl alikosa. Amesema kweli mbele ya watu, na amerudisha alichochukua. Hiyo ndiyo kazi ya aliyekosa, na ameifanya. Kusamehe ni kazi ya Agar, na kazi hiyo haina saa. Sisi wengine tusimusukume.”

Akawagawia sindano na uzi mweupe. Mshono wa kona ile ya pazia ulikuwa wa watu wawili, kwa sababu mmoja hushika na mwingine hupitisha sindano. Agar alishika, akamngoja Abigaïl.